Bastola Chini ya Shati la Kasuku

Jumamosi, 12 Julai

Corinne kapiga simu. Anakuja Jumatatu kutoka Columbus, kule kaskazini, na Lottie, wiki nzima! Mjukuu wangu ana miaka sita, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwenye mazishi ya bibi yake, miaka miwili iliyopita. Alilala begani kwangu kanisani, akanidondoshea udenda kwenye koti. Koti lile sijalifua mpaka leo.

Lakini kuna sharti. Bastola ifungiwe kabatini, ufunguo apewe yeye. "Nikikuona nayo karibu na mtoto, Baba, hata mara moja, tunaondoka siku hiyohiyo, na Lottie haji tena." Kasema hivyo bila kupandisha sauti. Mama yake naye hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Nikajibu sawa, mwanangu. Nilipokata simu nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeishika kiunoni muda wote wa mazungumzo.

Acha niandike ukweli, maana daftari hili ni langu na hakuna wa kulisoma. Mke wangu Twyla alianguka jikoni saa nne asubuhi. Moyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale mikono mitupu. Wiki iliyofuata kaka yake, Garland, badala ya kunipa pole alinipeleka kununua bastola. Tangu hapo naivaa ninapovaa suruali na kuivua ninapovua suruali. Najua bastola haizuii moyo kusimama. Najua! Lakini nikiwa nayo mikono inatulia.

Basi mpango ni huu. Ufunguo atapewa. Kabatini nitaacha bunduki ya kuwindia kulungu peke yake, na hatafungua, kwa sababu anachukia hata kuziangalia. Bastola itabaki mahali pake. Suala lililobaki ni mavazi tu, na mavazi nayajua. Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza mashine za kiwanda cha soksi. Katika kaunti hii hakuna anayejua jinsi kitambaa kinavyovutika kuliko mimi, Orville Teague.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Aibu.

Garland ndiye mkuu wa kikosi cha ulinzi cha kanisa. Wanaume wanne wanakaa benchi la nyuma, bastola chini ya mashati, macho mlangoni, huku sisi wengine tukiimba. Nafasi moja kati ya hizo nne iko wazi tangu Hoyt alipohamia kwa mwanawe. Itajazwa Jumapili ijayo, sikukuu ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo kila aliyewahi kubatizwa hapa hurudi kula na kuweka maua makaburini. Mtihani ni mmoja: ushinde siku nzima katikati ya watu na asitokee hata mmoja wa kuigundua silaha yako. Nimejiandikisha. Mwingine ni Dewey, muuza matairi.

Nilivaa kizibao changu cha kuvulia samaki, mifuko kumi na minne. Nilidhani kwenye mifuko kumi na minne hakuna atakayejua ni upi. Garland aliniona tangu mwisho wa maegesho. Akaja mpaka mbele ya watu wote. "Shemeji, heri ungebandika tangazo mgongoni." Akawafafanulia waumini kwamba mwanamume yeyote mwenye kizibao kile ambaye hanuki samaki amebeba bastola, kwamba hata majambazi wanalijua hilo, na kwamba kila atakayeingia kwa ubaya ataanza na huyo. Kisha akanipa kanuni yake: uvae kama mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Nilitaka kumwambia kwamba nimeishi hivyo maisha yangu yote bila kufundishwa.

Yeye huvaa shati la drafti, halichomekwi. Miaka kumi na moja natafuta mahali anapoificha yake na sijapaona. Namchukia. Lakini nafasi ile naitaka. Benchi la nyuma wanakaa wanne, bega kwa bega. Mimi nakaa la tatu kutoka mbele, peke yangu, pembeni ya mto wa kukalia wa Twyla.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi kwa Nettie Crabtree, duka la mitumba. Nikaomba mashati mawili matatu, saizi mbili juu ya yangu. Hakuinua hata uso. "Wewe ni wa tatu mwezi huu kutaka shati la mtu mnene kuliko yeye. Wanaume wa mji huu, nyote mnadhani nitaamini mmekonda." Nikamwambia ni kwa ajili ya hewa. Akanichagulia moja lenye kasuku wengi, akisema jicho la mtu hupotea kwenye michoro. Mwanamke mwerevu yule.

Wamefika saa tisa! Nilikuwa nimevaa koti la jinzi, na joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Corinne akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa. Lottie akashuka garini na kunikimbilia, kakua, magoti yote majeraha. Nikageuza nyonga ya kulia pembeni ili asiiguse, nikampokea kwa ubavu wa kushoto.

Akaniangalia kwa muda. Akamwambia mama yake kuwa Babu anakumbatia kama kaa.

Miaka miwili nimelisubiri kumbatio lile na nimepata nusu yake. Niliumia, sifichi. Kosa ni la koti.

Jumanne, 15 Julai

Shati la kasuku. Nilijiangalia kwenye kioo pande zote nne. Hakuna kitu! Nikaenda kunywa kahawa kama mfalme.

Lottie akaamua kuhesabu kasuku. Alianza begani, akateremka. Kasuku wa kumi na saba akamgusa kwa kidole. "Babu, huyu amevimba tumbo. Anataka kutaga."

Corinne akaacha kuosha vyombo. Nikasema, haraka mno, kwamba ni kipimo cha sukari, kinavaliwa kiunoni. Kipimo cha nini? Cha sukari, mwanangu, daktari kanipa. Tangu lini? Tangu majira ya baridi. Mbona hukuniambia? Nikasema sikutaka kumtia wasiwasi. Hapo nilijisikia mwerevu kwa muda wa kama dakika nne.

Kufikia adhuhuri chai yangu baridi ya sukari imemwagwa kwenye sinki. Mkate wa mahindi, marufuku. Garland akaja kumsalimia mpwa wake, na Corinne akampa bakuli zima la pudini yangu ya ndizi. Kala yote, kwenye baraza yangu, ananitazama. Alipoinuka akaninong'oneza kwamba sukari yangu inaonekana upande wa kulia, juu kidogo ya mfuko.

Jioni nilimsikia Corinne akilia kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa amewasha mashine ili nisimsikie. Mama yake kaondoka ghafla, na sasa anadhani baba naye yuko njiani. Nilisimama nje ya mlango. Maneno nilikuwa nayo: mwanangu, mimi ni mzima. Lakini kumwambia kwamba mimi ni mzima ni kumwambia kilichoko chini ya shati. Nikarudi mezani nikala maharage yasiyo na chumvi.

Jumatano, 16 Julai

Wazo la kitaalamu. Kifundo cha mguu! Suruali pana, bastola ndani ya soksi. Soksi zenyewe nilikuwa nazo jozi arobaini, za kiwanda chetu, za mwaka wa mwisho kabla hakijafungwa. Najivunia soksi zile.

Lastiki ilikata tamaa dukani, kati ya mboga na maziwa. Ikaanza kuteremka. Nikaishikilia kwa kukunja vidole vya mguu na kuburuta kisigino, kutoka kwenye maziwa mpaka mlangoni, nikitabasamu. Corinne alinitazama mwendo wote. Garini akaniuliza taratibu kama miguu imeanza kufa ganzi.

Ameniwekea miadi na daktari wa kisukari, Jumatatu. Kabandika kwenye friji orodha ya vyakula ninavyoruhusiwa. Imeandikwa kwa mkono, na mistari kapiga kwa rula. Hakuna anayenishughulikia hivyo tena duniani, na nimempata kwa uongo.

Soksi zilikuwa mbovu. Zilishaoza kwa kukaa.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimefungua cherehani ya Twyla. Haijafunguliwa tangu siku ile.

Kulikuwa na nguo chini ya sindano. Gauni la mtoto wa miaka minne, la buluu lenye maua madogo meupe, upindo umeshonwa nusu. Uzi ulikuwa bado umeshikana na mashine. Nilikaa nao. Sijui nilikaa muda gani. Halafu nikaukata uzi, nikalitoa gauni, kwa sababu nilihitaji mashine, na pia kwa sababu kitambaa kile ni kigumu na kizuri na kingetupwa bure.

Nimeshona kimfuko. Kinaingia ndani ya suruali, mbele, chini ya mkanda, kinashikwa na kifungo kimoja ili kiweze kutolewa suruali ikifuliwa. Nimekata kitambaa kufuata umbo la tumbo langu. Hata mfumaji hawezi kukiona.

Lottie alinishikia pini. Akauliza mfuko huo ni wa nini. Nikasema ni mfuko wa siri. Wa siri gani? Nikasema wa pipi za Babu, ambazo mama asizijue kwa sababu ya sukari. Akacheka mpaka akajifunika mdomo. Ameapa hatasema. Mtoto yule akiapa ameapa.

Ijumaa, 18 Julai

Siku nzima. Hakuna aliyeona! Si Corinne, si muuza mboga, si Nettie, ambaye huona mpaka chupi. Na Lottie nimemkumbatia mbele kwa mbele, mikono yote miwili. Nywele zake zinanuka nyasi. Tangu Twyla afariki sijapata siku nzuri kama ya leo.

Wakati wa kula akanikonyeza na kuuliza kwa kunong'ona kama pipi bado zipo. Zipo. Ngapi? Nikasema kumi na moja, maana ndizo zilizokuwemo. Risasi kumi kwenye magazini, na moja tayari kwenye mtutu, kama Garland anavyotufundisha. Yeye husema bastola isiyo tayari ni jiwe.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Watu walikuwa wengi. Meza zimepangwa nyuma ya kanisa, kuku wa kukaanga, maharage, pai za kila aina. Kabla ya chakula tulikwenda kaburini kwa Twyla. Lottie alikuwa na maua ya plastiki. Akaniomba niiname tuyachomeke pamoja. Sikuweza. Kwa kimfuko kile, nikiinama mdomo wa bastola unanichoma tumboni, na shati linapanda. Nikasimama wima, mtoto akapiga magoti peke yake akaweka maua ya bibi yake moja moja, akiniuliza kama yamekaa sawa. Nikasema yamekaa sawa. Sikuwa nayaangalia. Nilikuwa namwangalia Garland.

Baada ya kuku nikaenda chooni. Kanisa letu lina choo kimoja tu, wake kwa waume. Suruali ikishuka kimfuko hugonga sakafu, kwa hiyo nilifungua kifungo, nikakitoa, nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha, karibu na sabuni. Mlango ukagongwa. Lottie: Babu, fanya haraka, nimebanwa. Nikapandisha suruali, nikanawa, nikatoka, nikampisha akaingia.

Garland alikuwa ananisubiri. Akanizunguka. Mbele, nyuma, mbele. Akaniambia niinue mikono kama mtu anayefikia chombo kabatini. Nikainua. Akaniambia niiname niokote kofia yake. Nikainama, tena kwa wepesi! Wale wawili wengine wa kikosi, na Dewey, wakawa wanatazama. Garland akatikisa kichwa na kunipa mkono. "Shemeji, miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Leo umenishinda. Sioni kitu."

Nilitaka kulia. Nikajipapasa kiunoni kidogo, kama ninavyofanya mara mia kwa siku.

Palikuwa tupu.

Lottie alikuwa ameshatoka. Alikuwa anakuja kati ya meza, polepole, amekibeba kimfuko kwa mikono miwili kama anayebeba kikombe kilichojaa. Kidole gumba kilikuwa kwenye kifungo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Babu, umesahau pipi zako. Mbona nzito hivi? Naweza kuchukua moja?"

Watu walitambua umbo. Meza zikanyamaza moja baada ya nyingine. Pale palikuwa na wanaume wanne wenye bastola nne chini ya mashati, waliojifunza miaka mingi, na hakuna aliyejua la kufanya. Mimi nilikuwa wa tano.

Corinne akaweka sahani chini. Akapiga magoti kwenye nyasi, mbali kidogo. "Lottie, mama anakuomba. Usifungue. Kiweke hapo chini, taratibu, halafu njoo kwangu." Sauti haikupanda hata kidogo. Mtoto akakiweka. Akaja. Corinne akamshika kwa nguvu mpaka Lottie akalalamika kwamba anabanwa.

Halafu akakitazama kimfuko pale kwenye nyasi, buluu na maua meupe. Akasema, "Hicho ni kitambaa cha Mama." Hilo tu.

Saa kumi walikuwa wameshaondoka. Lottie alinipungia dirishani. Alidhani ni kwa sababu ya pipi, na alikuwa analia akiomba radhi kwa kuitoa siri.

Jumanne, 22 Julai

Garland kaja. Nafasi kapewa Dewey. Nikamkumbusha kwamba mtihani ulikuwa wa macho yake, na macho yake hayakuona kitu. Alikiri mbele ya mashahidi. Akasema, hukuwa nayo, shemeji. Nikamjibu kwamba basi hapo ndipo nilipoificha vizuri zaidi. Hakucheka.

Alikaa barazani muda mrefu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaniambia haijatulia tangu Jumapili. Kila akifumba macho anakiona kidole gumba kile. Anafikiria kuiacha yake nyumbani kwa muda, pengine kwa muda mrefu. Akasema alinikosea siku ile, wiki ya msiba, kwamba angekaa na mimi tu.

Maskini Garland. Uzee unamwingia vibaya.

Ijumaa, 25 Julai

Nimebaki peke yangu na nyumba. Orodha bado iko kwenye friji na ninaifuata. Sijui kwa nini. Miadi ya daktari nilikwenda pia, Jumatatu ileile, akaniambia sina kisukari, na nilitoka pale nikiwa na huzuni.

Leo Corinne kapiga simu. Lottie haji tena huku, hilo alishasema na hatalibadilisha. Lakini Septemba ni siku yake ya kuzaliwa na anamtaka Babu, analia kila siku, kwa hiyo naweza kwenda mimi Columbus. Siku moja. "Uje mikono mitupu, Baba. Sitakupapasa mlangoni. Nitakuamini, mara hii moja, na hakuna nyingine." Kisha akampa Lottie simu. Lottie akauliza kwa kunong'ona kama pipi zimekwisha. Nikasema bado zipo.

Nikamwambia Corinne sawa, mwanangu. Na nililia, kwa furaha kabisa.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila jazba. Kosa lote lilikuwa kifungo. Mfuko unaotoka ni mfuko unaosahaulika. Ungekuwa umeshonwa moja kwa moja ndani ya nguo, nisingeuacha dirishani, na sote tungekuwa bado tunakula pudini. Suruali si mahali pake pia. Nimetoa kabatini lile koti la mazishi. Bado lina doa la Lottie begani, limekauka, jeupe. Bitana yake ni imara, ya zamani, hawashoni hivi siku hizi. Kesho nitaifumua upande wa kulia. Septemba kule huwa baridi imeshaanza, na hakuna anayemshangaa mzee aliyevaa koti.